Ng'ombe Wasiopiga Mbweu

Ng'ombe wa tisa alianguka saa tatu asubuhi, na kabla hajapoa Nyanjige aliomba kisu.

"Cha nini, dada?" Gamaya aliuliza. "Huyu si wa kula. Aliyekufa hivi hata fisi anamfikiria mara mbili."

"Nataka kumwona tumboni."

Gamaya alimpa kisu bila kubisha. Dada yake alikuwa daktari, ingawa si wa watu wala wa mifugo. Alikuwa daktari wa vijidudu, kazi ambayo Gamaya alishaacha kuwaeleza majirani, kwani kila alipojaribu waliishia kuuliza kama huyo dada anaweza kutibu minyoo. Alichojua yeye ni kwamba kwa miaka kumi na minne Nyanjige alikuwa akifanya kazi Kituo cha Igunhwa, kilomita sitini kutoka hapa Mwabuluda, nyuma ya uzio mara mbili. Na kwamba amekuja jana kwa sababu yeye Gamaya alimpigia simu akamwambia maneno haya: ng'ombe wanakufa kabla njaa haijawafikia.

Maneno hayo ndiyo yaliyomnyanyua Nyanjige kitini. Ukame kila mtu aliujua. Mvua ya mwaka juzi ilinyesha kidogo, ya mwaka jana ikanyesha siku tatu kisha ikaomba radhi, na ya mwaka huu haikujisumbua hata kuomba radhi. Lakini ng'ombe wa Usukuma ni mzoefu wa njaa. Atakonda mpaka mbavu zihesabike, atakula mabua, atakula majani makavu ya mwaka juzi, na mvua ikija utamkuta bado amesimama. Miezi mitatu, hata minne, ataivumilia. Hawa wa Gamaya walikuwa wamekosa malisho kwa siku kumi na tisa tu, na tisa wameshakwenda wakiwa bado na nyama mgongoni. Thelathini na wawili waliobaki walisimama zizini wameinamisha vichwa, na hao ndio mali yote ya Gamaya, ada za watoto wake, na mahari ya mwanawe mkubwa.

Nyanjige alipiga magoti. Kabla ya kuchana, kwa mazoea tu, alichomoa mfukoni kipimo chake cha gesi, chenye ukubwa wa kalamu, akachoma sindano yake ubavuni mwa mzoga. Kioo kidogo kikaandika: methani, sifuri.

Alikipuliza kile kipimo, akakifuta kwa upindo wa gauni, akachoma tena. Sifuri. Aliinuka akaenda kwa ng'ombe mzima aliyekuwa karibu, akamwekea kipimo puani, akasubiri. Sifuri. Akaenda kwa wa pili, wa tatu, wa nne. Gamaya alimfuata nyuma akimtazama.

"Kimeharibika?" aliuliza.

"Laiti," Nyanjige alisema.

Ng'ombe yeyote anayekula majani, popote duniani, hutoa methani. Tumboni mwake majani huchachuka, na mchachuko huo hutoa gesi mbili, hidrojeni na hewa ukaa. Kuna vijidudu vya kale, vya kale kuliko miti, ambavyo huzila gesi hizo mbili na kutengeneza methani, na ng'ombe huitoa kwa kupiga mbweu siku nzima. Mbweu moja si kitu. Mbweu za ng'ombe bilioni moja na nusu ni blanketi juu ya dunia, maana katika miaka ishirini ya kwanza methani huzuia joto zaidi ya mara themanini kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Katika gesi joto zote hii ndiyo yenye haraka, inayochoma upesi na kuisha upesi. Ukiikata leo, mwanao ataona faida kabla hajaoa.

Nyanjige aliikata. Alitengeneza kijidudu kipya, akakiita Mtulizi, kinachowanyang'anya wale wa kale hidrojeni na kuigeuza chakula cha ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe mwenye Mtulizi hanenepi tu, anang'aa. Na hapigi mbweu. Miaka mitano sasa mashamba makubwa ya ng'ambo yalikuwa yameruhusiwa kukitumia, na mwaka uliopita, kwa mara ya kwanza tangu watu waanze kuipima, methani ya angani ilipungua duniani. Nyanjige alipewa nishani. Hapa nchini lakini Mtulizi hakuwa ameruhusiwa kutoka nje ya uzio wa Igunhwa hata kwa hatua moja.

Na sasa alikuwa zizini kwa mdogo wake, katika kila pua.

Nyanjige alirudi kwenye mzoga akachana. Alisafisha tumbo kubwa kwa maji ya ndoo, akaligeuza ndani nje mchangani. Tumbo la ng'ombe kwa ndani hufanana na taulo, lina vinyweleo vinene visivyohesabika, na kila mtoto wa mfugaji ameliosha. Hili halikuwa na vinyweleo. Lilikuwa limelika, limekuwa jembamba, na mahali pengine palikuwa na matundu ya kupitisha kidole. Gamaya aliinama akaingiza kidole kwenye tundu moja, akakitoa upesi, akajipangusa kwenye suruali.

"Nini kimemla?" aliuliza. "Dada, nini kimemla?"

Nyanjige alikuwa ameketi mchangani, mtu mwenye nishani, akilitazama lile tumbo. Alijua. Mtulizi huishi kwa hidrojeni, na hidrojeni hutoka kwenye majani. Majani yakikosekana siku nyingi, Mtulizi naye hushikwa na njaa. Na mwenye njaa hula kilicho karibu.

Kosa hilo halikuonekana Igunhwa kwa sababu moja. Kanuni za huruma kwa wanyama zilikataza kumnyima ng'ombe wa majaribio chakula zaidi ya siku tatu. Kamati ilizipitisha kwa kauli moja, naye alikuwemo.

*

"Ulinunua ng'ombe Igunhwa?" alimwuliza Gamaya walipokwisha kunawa.

"Nani anauziwa ng'ombe wa serikali?"

"Uliazima fahali?"

"Hapana."

"Basi wako walipita kwenye uzio."

"Dada, kutoka hapa mpaka huko ni kilomita sitini. Wangepita kufanya nini?" Gamaya alijikuna kidevu. "Labda ile dawa."

"Dawa gani?"

"Si dawa hasa. Mwaka juzi yule ng'ombe wangu Kapala alikula majani mabaya, akaacha kula, akaacha kucheua, tumbo likasimama. Nikampakia kwenye gari nikampeleka kwa Shigela. Shigela si ni wenu wa kituoni? Akamshika ng'ombe wake mmoja mzima anayecheua, akampanua mdomo, akatoa lile bonge la majani, akamtia Kapala kooni. Jioni Kapala akaanza kucheua. Unajua mambo hayo, dada. Baba alikuwa akifanya hivyo, na wewe ndiye uliyekuwa ukimshika taya."

Nyanjige alijua. Alikuwa na miaka minane, mikono yake midogo iliingia vizuri pembeni mwa taya, na baba alikuwa akimwambia ashike sana ila asiogope. Mfugaji yeyote wa kwao anajua kwamba ng'ombe aliyepoteza kucheua hurudishiwa kwa bonge la mwenzake. Hakuna anayefundishwa. Na hakuna anayenyimwa, kwani kumnyima jirani bonge la majani kwa ajili ya ng'ombe mgonjwa ni uchoyo ambao hata wachawi wanauonea haya.

Mtulizi hufa akikaa hewani dakika arobaini. Kwa hesabu hiyo Nyanjige aliwashawishi wakubwa kwamba uzio mara mbili unatosha. Ndege hawezi kumbeba, kinyesi hakiwezi, mate yakidondoka kwenye majani hukauka naye akafa. Kutoka kinywani mwa ng'ombe mmoja mpaka kooni mwa mwingine, kwa mkono wa mtu aliyezoea, ni nusu dakika.

Kwenye fomu ya usalama kulikuwa na swali la kumi na mbili. Je, ipo njia yoyote ambayo watu wa eneo hili huhamisha vilivyomo tumboni mwa ng'ombe mmoja kwenda kwa mwingine? Aliyeandika swali hilo alikuwa mzungu wa mbali ambaye hajawahi kushika taya ya ng'ombe, lakini aliuliza. Aliyejibu alikuwa mtoto wa Mwabuluda. Aliandika neno moja, hakuna, akaweka saini. Hakuwa amedanganya. Alipovaa koti jeupe aliyaacha ya nyumbani nyumbani, kama wengi wetu tulivyofundishwa, na siku ile ya fomu hayakumjia hata kwa mbali.

"Kapala naye ametoa bonge kwa wengine?" aliuliza.

Gamaya alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeulizwa kama jua limechomoza. "Kapala? Aling'aa baada ya pale, watu wakadhani nampaka mafuta. Wamekuja mpaka wa Meatu."

*

Shigela alikuwa mchungaji mkuu wa Igunhwa, mtu wa makamo, mrefu, anayetembea na fimbo hata akienda chooni. Nyanjige alimkuta langoni saa saba, jua likiwa utosini. Hakushuka vizuri garini kabla ya kumwuliza.

Shigela hakuficha kitu. Kwa nini afiche, mtu anayesifiwa? Alihesabu kwa vidole. Wa kwanza Gamaya, kwa kuwa ni wa nyumbani. Kisha wa Bariadi, wa Kahama, wa Igunga. Kisha ndugu zao waliohama na mifugo kutafuta malisho, maana Msukuma na ng'ombe wake siku hizi utamkuta popote penye nyasi: Katavi, Mbarali, Kilombero, Rufiji. Walileta ng'ombe wagonjwa kwa magari, wakatibiwa nje ya lango, wakarudi nao, na huko wakatibu wengine. Wengine walikuja na ng'ombe wazima, wapate tu ule mng'ao.

"Na kutoka Rufiji?" Nyanjige aliuliza.

"Mpaka Lindi, nasikia. Na kuna Wamang'ati walichukua. Na mmoja alisema anakwenda kwa shemeji yake Zambia." Shigela alitabasamu. "Sikumnyima mtu, Daktari. Ng'ombe wetu ni wazuri, tungekaa nao peke yetu?"

"Hukuambiwa kuna nini tumboni mwao?"

"Niliambiwa ni siri. Nikatia saini kwamba sitauliza." Alimtazama usoni, na tabasamu likaanza kumwondoka. "Nimekosea, Daktari?"

Wa kumwambia Shigela alikuwa Nyanjige mwenyewe, na miaka yote hiyo alimpita langoni kila asubuhi, wakaulizana habari za watoto. Alimshika mkono tu, akaingia ndani. Shigela alibaki pale langoni na fimbo yake.

*

Profesa Kaijage, mkurugenzi wa kituo, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu mpole, wa Bukoba, aliyezoea kusafisha miwani mambo yanapokuwa magumu. Safari hii hakuisafisha. Aliinuka, akawasha ukuta.

Ukuta ulionyesha nchi kutoka juu, kama setilaiti zinavyoiona, na rangi ilikuwa ya methani. Penye nyingi pakawa pekundu, penye kidogo pakawa peupe. Nyanjige aliifahamu ramani hiyo. Kwa miaka yote aliyoitazama, kanda ya ziwa, ya magharibi na mabonde ya kusini yalikuwa mekundu kwa mifugo. Sasa yalikuwa meupe. Weupe ulianzia Igunhwa, ukashuka mpaka Rukwa, ukazunguka mpaka pwani, ukavuka mpaka.

"Hii ya leo?" aliuliza.

"Ya leo."

"Imeanza lini kuwa hivi?"

"Miezi ishirini na sita."

Nyanjige alidhani hakusikia. Akamwomba arudie, naye akarudia.

"Uliona," Nyanjige alisema. "Uliona imetoka, ukanyamaza."

"Niliona ng'ombe milioni ishirini wameacha kutoa methani, na hakuna hata mmoja aliyeugua. Wenye nao wanafurahi. Nikajiuliza, niende kwa nani, nikamwambie nini? Kwamba tumeshinda kwa njia isiyo na kibali?" Alikaa. "Nilidhani ni uzio umepasuka mahali. Sikujua habari za mabonge ya majani. Mimi kwetu ni migomba."

"Sasa wanakufa, Profesa. Wanyonge wameshaanguka, na wakifika siku ya ishirini na moja bila malisho, hata wenye nguvu tumbo linatoboka. Ukame umeshika mikoa tisa. Ng'ombe wa mdogo wangu wapo siku ya kumi na tisa."

"Tutaomba chakula cha mifugo."

"Kwa ng'ombe milioni ishirini? Ndani ya siku mbili?"

Wote wawili walijua ni kitu gani kinafuata kutajwa, na kila mmoja alimwachia mwenzake akitaje. Akakitaja Nyanjige.

"Kuna Kifutio."

Kifutio kilikuwa virusi, navyo kavitengeneza yeye. Havimgusi ng'ombe, havimgusi mtu, vinamwua Mtulizi peke yake, kwa siku moja na nusu, na wale wa kale waliojificha wakarudi kushika kazi yao. Viliwekwa kwa ajili ya siku mbaya. Na kwa kuwa siku mbaya haingojei mtu amkamate ng'ombe mmojammoja, Nyanjige alivipa miguu. Vinakwenda kwa maji, kwa mate, kwa kwato, kwa matairi, kwa miguu ya ndege, na nje ya ng'ombe vinaishi miezi. Tone moja kwenye birika la kunyweshea lingefika Rukwa kabla ya juma kuisha. Baada ya hapo halisimami tena. Baada ya mwaka mmoja au miwili lingekuwa limefika kwenye mashamba yale ya ng'ambo, nako Mtulizi angekufa, asiweze kurudishwa tena kamwe.

"Ukikifungua, umefuta kila kitu," Kaijage alisema. "Dunia nzima. Methani itarudi ilipokuwa, na joto nalo. Unajua hesabu kuliko mimi."

"Najua."

"Ukame huu unaomwua ng'ombe wa mdogo wako umetoka wapi? Si ni kwenye gesi hizohizo? Unataka kumwokoa mwaka huu umwue miaka yote inayokuja?"

"Ng'ombe wa Gamaya hawakuuleta ukame huu, Profesa. Hata wangepiga mbweu mpaka kiyama. Waliochoma makaa ya mawe miaka mia mbili ng'ombe wao wanalishwa ndani, hawajui njaa, Mtulizi hatawaua. Wao watapata hewa nzuri na ng'ombe wazima. Sisi tutapata hewa nzuri na mizoga."

"Hewa haiulizi nani alianza." Kaijage alitoa miwani, na macho yake yalikuwa mekundu. "Unadhani naitetea ramani? Mama yangu yuko Bukoba, shamba lake lote la migomba limekauka, anakula unga wa msaada. Mkungu wa ndizi haujaonekana pale miaka minne. Mimi nilipoona weupe ule ukutani nililia, Dakta Nyanjige. Nilisema labda atakufa ameona migomba tena."

Nyanjige alimwonea huruma, akajionea na yeye, na hasira aliyokuja nayo ikakosa pa kukaa. Angependa mtu huyu awe mbaya. Ingekuwa rahisi.

"Mlango wa friji ya Kifutio unafunguka kwa kidole chako," Kaijage alisema mwishowe. "Ulitaka iwe hivyo, na mimi nilitia saini. Siwezi kukuzuia. Nakuomba siku tatu tu, tuite watu, tuulize."

"Siku tatu ni siku moja baada ya matumbo kutoboka."

"Najua," alisema Kaijage. "Bado nakuomba."

*

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, Nyanjige alisimama penye birika la Mwabuluda na chupa ndogo mfukoni. Usiku hakulala, aliupitisha akiandika hesabu kwenye karatasi na kuzifuta. Hesabu zilimpa jibu moja kila mara, kwamba methani ikirudi, joto lililokuwa lipungue ndani ya miaka ishirini halitapungua, na kwamba mahali pa kwanza kuumia patakuwa papa hapa. Ng'ombe wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili walikuwa wameshaanguka. Kapala alikuwa amelala ubavu, anapumua.

Alimweleza Gamaya yote. Hakumpunguzia. Alimweleza Mtulizi ni nini na nani alimtengeneza, akamweleza fomu na lile neno moja aliloandika. Gamaya alisikiliza amechuchumaa, akichora mchangani kwa kijiti. Aliposikia habari ya fomu aliinua macho mara moja, akayarudisha chini.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Na Shigela, na mimi, na wote waliokuja na magari."

"Nyinyi mlitoa mlichopewa. Mimi ndiye niliyejua kilichomo."

Nyanjige akaendelea upesi, akiogopa kwamba akisimama hataweza kumalizia. "Hii chupa itawaponya. Lakini nikiimwaga, ile gesi inarudi, na mvua zitazidi kukosekana. Si mwaka huu. Wakati wa wanao. Hilo lazima ulijue kabla hujaniambia neno."

"Mwaga," Gamaya alisema.

"Umenisikia nilivyosema habari ya mvua?"

"Nimesikia. Dada, mvua imekosekana nikiwa na ng'ombe. Nikiwa na ng'ombe nitaingoja, hata kama itachelewa, hata kama itakuja mbovu. Nikiwa sina, hiyo mvua nzuri ya miaka ishirini itanikuta wapi? Itanikuta nalinda duka la mtu mjini." Aliinuka, akajipangusa mavumbi. "Unaniuliza kana kwamba nina mawili ya kuchagua."

Nyanjige aliichomoa chupa. Ilikuwa nyepesi mno kwa kitu cha namna ile. Aliona mbele yake ule weupe wa ukutani, na mama wa Kaijage asiyemjua, na nishani iliyoko kabatini, na akaona pia lile tumbo mchangani lenye matundu. Kisha akafungua kizibo, akamimina.

Maji yalibaki maji. Gamaya alipiga mluzi na ng'ombe wakaja wakijikokota, wakainama, wakanywa. Yeye mwenyewe alimbebea Kapala ndoo, akamwinua kichwa, akamnywesha taratibu. Ndege wawili weupe walitua ukingoni mwa birika, wakanywa, wakaondoka kuelekea kusini. Nyanjige aliwafuata kwa macho mpaka wakapotea.

"Dawa hii," Gamaya aliuliza, bado amemshika Kapala kichwa, "itaishia hapa kwetu?"

"Haitaishia hapa. Itafika kila penye ng'ombe."

"Mpaka Rukwa?"

"Mpaka Ulaya. Mpaka Amerika. Kote."

Gamaya alifikiri. Hakuwa mtu wa kejeli, na uso wake haukuwa na lawama yoyote. Alikuwa anataka tu kujua, kama mtu anavyouliza kama wageni wameshakaribishwa.

"Na hao wa huko kote," alisema, "umewauliza?"

Chupa tupu ilikuwa bado mkononi mwa Nyanjige.

"Hapana," alisema.

Gamaya alitikisa kichwa polepole, akaitikia, "Aa," kisha akachukua ndoo akaenda kuwachotea ndama, maana nao walikuwa na kiu.